Mapacha wangu, sare mbili

Mapacha wangu walilala kitanda kimoja hapa Majengo, Moshi, mpaka matokeo ya darasa la saba yalipotoka. Mmoja akapangiwa Ilboru, shule ya vipaji maalumu kule Arusha. Mwenzake shule ya kata, dakika kumi kwa miguu. Siku ya hesabu huyu wa pili alikuwa na malaria. Dawa mseto nilimpa mwenyewe alfajiri.

Wa Ilboru amepata wenzake wa kushindana nao, namwona alivyochangamka. Shule hizo sizikatai. Ila kuchuja watoto wa miaka 13 kwa mtihani wa siku 2, hapo nakwama. Huyu wa kata anatengeneza redio za mtaa mzima! Jana kaniomba elfu mbili ya risasi ya kuchomelea waya. Nimempa.