Almasi ya mwisho kwenye kofia ya chuma

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Mgodi wa Mwadui, ambao John Williamson aliuanzisha mwaka 1940, hauko mbali na kwetu, na baba yangu mdogo alimalizia ujana wake Maganzo akichekecha changarawe. Sasa niambieni, ilikuwaje mimi, mganga wa kundi zima, nikashuka shimoni kupambana na misukule bila hata punje moja ya almasi mkobani?

Shimo lenyewe lilikuwa la karatasi. Ilikuwa Februari 2017, Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, chumba cha chini nyumbani kwao mwanafunzi mwenzetu, theluji imeziba vidirisha vyote viwili. Tulikuwa watano, tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano. Aliyeniingiza kwenye mambo hayo ni dada mmoja Msomali, mzaliwa wa Eastleigh, Nairobi. Alinisikia maktaba nikiongea Kiswahili kwenye simu, akanifuata na kuniuliza kama najua hesabu na kama naogopa majini. Nikamwambia hesabu kidogo, majini sana. "Basi unatosha," akasema.

Mchezo wenyewe ni hadithi inayosimuliwa na watu wengi. Mmoja, anayeitwa DM, ndiye dunia: ndiye mlango, mvua, mwenye duka na adui. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na pale ambapo hakuna ajuaye kitatokea nini, dadu ya pande 20 huamua. Mimi nilikuwa kuhani, kazi yangu kuganga. Dada wa Eastleigh alikuwa shujaa wa upanga.

Kilichonivutia tangu siku ya kwanza ni vifaa. Uchawi mwingi wa mchezo ule hauendi kwa maneno matupu. Ukitaka tufe la moto, uwe na kidonge cha mavi ya popo na salfa. Ukitaka kujua chombo fulani kina nguvu gani, uwe na lulu ya sarafu 100 za dhahabu na unyoya wa bundi. Wenzangu Wamarekani waliona ni vichekesho. Mimi nimekulia mahali ambapo mganga anaweza kukutuma kuku mweusi asiye na doa, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Vifaa ambavyo kitabu cha kanuni hakijavitajia bei huhesabiwa vimo ndani ya mkoba mmoja unaonunuliwa sarafu 25, wala huulizwi. Kilichotajiwa bei lazima uwe nacho kweli. Na uganga wa kumrudisha mtu aliyekufa ndani ya dakika moja unataka almasi za sarafu 300, zinazoteketea papo hapo. Mimi nilikuwa nimebakiwa na sarafu 140. Nyingine nilinunulia farasi, na farasi tulimfunga nje ya shimo.

Dada alikufa kwenye zamu ya saba. Alirusha dadu tatu za kuponea roho, zote zikamkataa.

Kichwani alikuwa na kofia ya chuma iliyojaa vito, ambayo DM alitupatia mapema mno kwa ngazi yetu ya 8. Kila kito ndani yake ni kifaa cha uchawi wake: opali huleta mwanga wa mchana, opali ya moto hutoa tufe la moto, yakuti husimamisha ukuta wa moto, almasi humwaga miale ya rangi zote. Ukikitumia kito, kinatoweka. Kofia ilianza na almasi tatu. Moja aliitumia vizuri. Ya pili aliipigia mlango ambao, tulikuja kugundua, haukuwa umefungwa. Ikabaki moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa mwanga hafifu unaowaunguza misukule wakisogea.

Nikasema nataka ile almasi.

DM akafungua kitabu, akasoma polepole: kito kikichokolewa kwenye kofia hii kinageuka vumbi. Mmoja wetu, aliyekuwa anasoma sheria au anajifanya, akadakia kwamba unga wa almasi nao ni kifaa halali. Kuna uganga wa kuifanya ngozi iwe ngumu kama jiwe unaotaka unga wa sarafu 100. DM akakataa. Ule unga, alisema, umesagwa kutoka jiwe la kweli lililopimwa; hili ni vumbi la uchawi uliokufa.

"Usiguse kofia yangu," dada akaniambia kwa Kiswahili. DM alikuwa amemkataza kusema neno lolote, kwa kuwa amekufa, lakini hakuweza kumshika kosa kwa lugha asiyoijua. "Heri nife nayo."

"Marehemu haongei," nikamjibu.

Hoja yangu ilikuwa kwamba hakuna anayechokoa kitu. Kofia yenyewe huila almasi yake ikiwa mahali pake. Mimi naweka kiganja juu, uganga wangu unaila hapo hapo ilipo. Tulibishana karibu saa nzima, na kwenye hadithi alikuwa amekufa sekunde 18 tu.

Katikati ya ubishi akashuka baba wa mwenye nyumba na bakuli la bisi. Mzee yule hakuchoka kutukumbusha kwamba Dave Arneson, mmoja wa wawili walioutoa mchezo huu mwaka 1974, alikuwa mtu wa miji hii yetu pacha, Minneapolis na Saint Paul. Alisikiliza kidogo, akapanda juu, akarudi na kitabu cha kanuni cha 1978 kilichochakaa kingo. Akatuonyesha uchawi wa kutafuta habari za watu na vitu mashuhuri: ubani, vipande vya pembe ya ndovu, na juu ya hayo, kafara ya kitu chenye thamani kwa mchawi mwenyewe, iwe dawa, hati ya uchawi au chombo chochote cha uchawi. Chombo cha uchawi kuliwa na uchawi, akasema, si jambo jipya. DM akamjibu kwa adabu kwamba hilo ni toleo jingine na uchawi mwingine. Lakini nilimwona amelegea.

"Sawa," akasema mwishowe. "Nani kasema ni ya sarafu 300?"

Kitabu hakikusema. Ndipo nikawahadithia siku moja ya Maganzo. Nilikuwa na miaka tisa. Baba mdogo alinichukua asubuhi akiwa na jiwe amelikunja kwenye karatasi ya daftari langu, tukapita kwa madalali watatu kabla ya saa sita. Jiwe lile lile, bei tatu, na ya juu ilikaribia kuwa mara mbili ya ile ya chini. DM alicheka, akanisogezea dadu. "Madalali watatu basi. Kila alama ya dadu ni sarafu 20. Mmoja tu akifika 300, nakupa."

Wa kwanza 6. Wa pili 13, sarafu 260, meza nzima ikaguna. Wa tatu 17.

Dada akafumbua macho akiwa na uhai wa alama moja, na mwanga ukazimika. Misukule sita walikuwa bado wamesimama. Akataka kuuwasha upanga moto kwa opali za moto zilizobaki. DM, kwa kuchelewa, akakumbuka kwamba kifo hukata uhusiano wa mtu na chombo chake, na kuuunga tena ni saa nzima ya kutulia. Kwa hesabu hiyo hata ule mwanga ulipaswa kuzimika tangu alipokufa, ila hakuna aliyethubutu kumwambia. Tulikimbia. Farasi alitufaa.

Usiku tulirudi kwa treni ya Green Line, mikono ndani ya makoti. Dada alikuwa amenuna mpaka tulipovuka mto.

"Yule baba yako mdogo," akaniuliza, "aliliuza?"

"Aliliuza."

"Kwa yule wa bei ya juu?"

"Bei ya juu ilikuwa ya yule wa kwanza. Tuliporudi kwake mchana, alikuwa ameishusha."

Akatoa karatasi ya shujaa wake, akafuta tarakimu moja kwa kifutio, akaandika: almasi, 0.