Kiangazi cha mkono wa kushoto

"Huyu mbona kashika mundu kwa kushoto? Na wewe na elimu yako yote umemtundika hivyo hivyo?" Shangazi aliyasema mbele ya wageni, akiitazama chapa ya zamani niliyoitundika ukutani, ya mtu anayewakilisha msimu wa kiangazi, kisha akaomba sukari. Tangu siku hiyo binamu kaolewa, kodi imepanda, ofisi imehamia ghorofa ya tatu. Mimi bado nimo na mundu.

Jibu lipo, lilichelewa tu. Nakshi ya shaba, yaani picha inayochongwa kwenye bamba la shaba kisha kupakwa wino na kuchapwa, hutokea kinyume: cha kulia kwenye bamba hutokea kushoto kwenye karatasi. Mchongaji makini huugeuza mchoro kwanza, kwa karatasi iliyopakwa mafuta hadi ipenyeze mwanga, ndipo aufuatishe kwa ncha juu ya bamba lenye utando wa nta. Mnakili mwenye haraka hufuata chapa ya mwenzake kama anavyoiona, na mundu unahama mkono. Jua nalo linahama upande. Kiangazi changu ni cha mnakili wa namna hiyo, wala hakutia jina.

Umemtundika hivyo hivyo! Kama vile ningeweza kumgeuza.

Ila Shangazi alianza na mkono, si uso, na hapo alipatia. Kwenye majeneza ya marumaru ya Kirumi, misimu minne ni vijana wanne wanaofanana mwili, hutofautishwa kwa walichoshika. Mwenye maua ni Machipuko, mwenye mundu na masuke ni Kiangazi, mwenye zabibu ni Mapukutiko, na Baridi mara nyingi hubeba bata. Mtindo huo wa kuupa msimu mwili wa mtu ulidumu. Mwaka 1589, huko Haarlem, Uholanzi, mchongaji Jacob Matham alichonga misimu iliyobuniwa na baba yake wa kambo, Hendrick Goltzius. Mwaka uliofuata Goltzius akafunga safari ya Roma kuchora sanamu za kale. Michoro hiyo mingi iko kwenye makumbusho ya Teylers, Haarlem.

Jana usiku nilimshusha ukutani nikamwekea lenzi pajani, hasira zikaniisha. Mstari unaanza mwembamba kama unywele, unanenepa kivulini, unakonda tena panapong'aa. Hiyo si wino mwingi, ni kina: kalamu ya chuma ikizama, mfereji unapanuka. Mkono hausogei sana. Bamba ndilo linalozungushwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, na mistari inaviringa msuli kama pete. Ukiinua kalamu wima mno inakwama, ukiilaza mno inateleza na kukwaruza. Mfereji usio na kina hupoteza wino wakati wa kufuta, kivuli kikatoka kijivu. Chembe za shaba zinazobaki kingoni zisipokwanguliwa hushika wino, na mstari unachafuka. Mnakili wangu hakukwangua vizuri chini ya goti. Kwingine, mashallah.

Nimemrudisha ukutani. Shangazi anakuja tena Jumapili.