Ukisimama ndo utalowa

Jumapili nilimpeleka mjomba Tukuyu na ile MGB yake ya 1968, kigari cha Kiingereza cha wazi juu, tumenyeshewa kuanzia Isongole mpaka Kiwira na turubai tumelikunja nyuma, leo Jumanne mazulia ya gari bado yananing'inia kwenye fensi hapa Uyole na mimi akili bado iko kule barabarani.

Mjomba macho yamemsumbua, haendeshi tena, anakaa kushoto mimi nashika usukani. Jumamosi alishinda kwenye boneti, kaivalisha distribyuta, ile inayogawa umeme kwenye plagi, glavu ya mpira isiingie maji, waya nne za plagi na ule wa koili kila mmoja umepita kwenye kidole chake, vidole vitano kamili, na kafanya yote kwa kupapasa.

Milima ya Uporoto tulipanda vizuri. Ukishavuka mita 2,000 pale baridi inaingia mpaka kwenye meno na ukungu unalala juu ya lami, alafu yakaanza manyunyu, alafu mvua yenyewe. Nikamuuliza mjomba nisimame tufunge turubai? Akasema, "We mpwa wangu kanyaga mafuta, ukisimama ndo utalowa."

Na ni kweli jamani. Ukiwa kwenye 70 upepo unagonga kioo cha mbele unaruka juu ya vichwa na mvua unaondoka nayo, mnalowa mabega tu. Ila barabara yetu ina matuta, ina vijiji vya 50, kila nikipunguza maji yote yanatushukia shingoni, na kukimbia hovyo siwezi, gari hii breki za mbele ni diski nyuma ngoma, ABS ya kuzuia tairi zisijifunge hakuna, na malori yanayoenda Malawi yanakurushia tope usoni mpaka huoni kitu. Kwahiyo kwenye matuta tulilowa. Sana.

Lakini kilichonikaa moyoni ni harufu. Hii njia nimepita miaka na vioo juu, redio inaimba, sijui chochote. Juzi pale Isongole nimesikia udongo wa viazi uliotoka kuchimbwa, moshi wa kuni mbichi, alafu ukianza kuteremka hewa inalegea, inakuja harufu ya migomba iliyolowa na ubichi fulani hivi mzito. Mjomba kafumba macho, uso kauinua kwenye mvua, ananitajia. Hapa kwenye kona kuna miti ya mkaratusi. Hapa tunakaribia daraja. "Kiwira hiyo," akasema, mimi sijaona hata nyumba moja, na tulipokata kona kweli ndo Kiwira.

Nikapunguza kwenye tuta pale mvua ikatumwagikia yote, sikumuuliza tena habari za turubai.

Asubuhi hii kapiga simu saa kumi na mbili, hata salamu hajamaliza, anataka nitoke nje nimwangalizie kama Uporoto kumefunga wingu.