Jumanne ya wiki ya pili ya Pasaka, chumba cha kufulia

Saa 11 alfajiri. Simu inalia, naizima, inalia tena. Jumapili ile ya Pasaka niliamka mwenyewe kabla ya jogoo. Pasaka ina siku 50 hadi Pentekoste, na leo ni ya 10 tu, tayari nimeishiwa pumzi. Sala yangu ni fupi: Bwana uliyefufuka, nifufue na mimi nifike kazini.

Saa 1 asubuhi. Mimi ni dobi hospitalini. Tunaanza na mashuka ya wodi ya upasuaji. Doa la damu huanzwa na maji baridi; ukilikimbizia maji ya moto linaganda, na hapo limekushinda. Katika marundo haya yamo mashuka yaliyofunika watu ambao hawakuamka. Hayana alama. Unafua tu.

Saa 4. Mwenzangu analia juu ya beseni. Alimzika mama yake katikati ya Kwaresima. Nami, kwa kiherehere changu, nikamwambia, "Usilie dada, Bwana amefufuka."

Akafuta uso kwa kiwiko. "Najua. Mama yangu bado."

Sikuwa na jibu. Nikaenda kutazama mashine ambayo haikuhitaji kutazamwa.

Saa 7 mchana. Wengine wanapumzika, mimi nasoma Yohana 20. Maria Magdalena analia kaburini, na aliyefufuka amesimama nyuma yake, naye Maria anamdhania mtunza bustani. Yesu anamuuliza analilia nini, kisha anamwita kwa jina. Hamkemei. Mimi nilikemea, tena kwa maneno matakatifu, na hayo ndiyo mabaya zaidi.

Nikarudi kwenye aya ya 7, niipendayo kwa sababu za kikazi: vitambaa vya sanda vimelala huku, na leso ya kichwani imezongwazongwa peke yake kando. Mwizi wa maiti angepata wapi muda wa kupanga nguo?

Na lile neno la mwenzangu, "bado", Paulo analijua. Katika 1 Wakorintho 15 anamwita Kristo limbuko lao waliolala. Limbuko ni mazao ya kwanza kuvunwa; shamba lililobaki linangoja. Kwa hiyo dada yule hakukosea hata kidogo. Mama yake bado.

Saa 10 jioni. Mashuka makubwa hayakunjwi na mtu mmoja. Nikashika pembe mbili, nikamtazama. Akaja akashika zake. Unavuta, unakung'uta, mnaendeana, pembe zinakutana, unampa zako, unainama kuokota mkunjo wa chini. Tulikunja kama thelathini bila neno. Kwenye la thelathini na kitu nikamwambia, "Nisamehe kwa asubuhi. Mama aliitwa nani?"

Akanitajia. Kisha akaanza kuhadithia jinsi mama yake alivyokuwa hamwamini mtu yeyote kumfulia nguo, hata binti anayelipwa kwa kazi hiyo. Tulicheka mpaka msimamizi akachungulia mlangoni.

Saa 3 usiku. Miguu imevimba, vidole vinanuka sabuni hata baada ya kuoga. Nimemtaja yule mama kwa jina lake katika sala, na mwanawe pia. Nimetega simu saa 10 na nusu, maana kesho tunaanza na mashuka ya wodi ya wazazi, na hayo kwa damu hayana mpinzani.