Samaki warukao miambani

Mnaoshukia miambani hapa Mombasa maji yakianza kupwa, tafadhali acheni kuwarushia mawe wale samaki wadogo wanaorukaruka juu ya jiwe. Si vyura, wala hawajakwama. Hawana magamba, hewa huivuta pia kwa ngozi, mradi iwe na unyevu, ndiyo maana hawabanduki pale mawimbi yanaporashia. Hapo hapo hukwangua mwani.

Kuwaona vizuri, chutama hatua tatu hivi kutoka jiweni, jua likukabili ili kivuli chako kiangukie nyuma, utulie dakika kumi. Tazama mkia: anaupinda ubavuni hadi karibu na kichwa, anaukaza jiweni, kisha anajifyatua. Uzuri ulioje!

Msiwashike kwa mkono mkavu. Ute unaofunika ngozi yao ukibanduka, ngozi hukauka na pumzi hukatika.