Saturn V ya vitofali: hatua ya kwanza na ya pili zimesimama

Leo nimeshika hatua ya pili ya roketi yangu ya vitofali (hatua ni kipande cha roketi chenye injini na matangi yake) kwa mkono mmoja nikainua, na hatua ya kwanza ikaja nayo bila kulegea. Kisha nikaivuta ile ya chini kwa mkono wa pili, zikaachana pale pale nilipokusudia. Katika mradi huu hakuna jaribio kubwa kuliko hilo, kwa hiyo naandika nilipofika kabla sijaigusa hatua ya tatu.

Ninachojenga ni Saturn V, roketi iliyowapeleka wanaanga Mwezini. Iliruka mara 13 kati ya Novemba 1967 na Mei 1973, ikiwa na urefu wa karibu mita 111, na ikishajazwa mafuta uzito wake ulikaribia tani 3,000. LEGO, kampuni ya vitofali vya kuchezea, walitoa seti yake mwaka 2017, yenye vipande 1,969, sawasawa na mwaka ambao Apollo 11 ilitua Mwezini. Ni seti nzuri sana na sina neno nayo. Lakini anayefuata kitabu cha maelekezo hukuta viungo vyote vimeshaamuliwa na mtu mwingine, na mimi kinachonivutia katika roketi hii ni viungo vyenyewe. Karibu kila kilichounganishwa kwenye Saturn V kiliunganishwa ili kiachane na mwenzake kwa wakati wake. Roketi ya mita 111 iliondoka, na kilichorudi ni chumba kidogo cha watu watatu. Nataka modeli inayoachana vivyo hivyo, kwa mpangilio ule ule, na ambayo bado inaweza kubebwa nzima bila kumwagika njiani.

Kazi ilianza kwa hesabu ya skeli, na hapa nilipata zawadi ambayo sikuitarajia. Hatua mbili za chini zilikuwa na kipenyo cha mita 10.1. Kinundu kimoja cha juu ya tofali hadi kingine ni milimita 8, kwa hiyo upana wa vinundu 12 ni milimita 96, na hapo skeli inakuwa 1:105. Sasa chukua kimo cha tofali la kawaida, milimita 9.6, ukizidishe kwa 105. Unapata mita moja na chembe. Yaani tofali moja la modeli ni mita moja ya roketi! Tangu hapo sijahitaji jedwali la vipimo. Hatua ya kwanza ilikuwa mita 42, basi ni matofali 42. Ya pili ni 25, ya tatu ni 18. Juu yake inakaa pete ya kompyuta iliyotengenezwa na IBM, ambayo kimo chake hakikutimia mita moja, nayo inapata tofali moja. Sehemu ya wanaanga pamoja na mnara wa dharura ni matofali 25. Jumlisha: 111. Modeli itasimama mita moja na sentimita saba hivi. Hata hatua ya tatu, iliyokuwa nyembamba kwa mita 6.6, inaangukia vinundu 8 karibu kamili.

Anayeuliza mtu mzima ana shughuli gani na vitofali, jibu langu ni hesabu hiyo. Nilipokuwa mtoto nisingeiona. Ningejenga bomba jeupe, nikalichongoa juu, nikafurahi. Sasa furaha yangu iko kwenye kujua kwamba safu ninayoibana kwa kidole ni mita fulani ya roketi halisi, na kwamba naweza kusema pale ndani palikuwa na nini.

Kuhusu ndani: tofali likikaa kawaida hutazama juu, na ukuta wa mviringo hauwezi kujengwa hivyo bila kuonekana kama ngazi. Kwa hiyo nimejenga kiini cha mraba, vinundu 8 kwa 8, chenye vipande vya vinundu vya pembeni, kisha nikakivika ngozi inayotazama nje pande zote nne. Kati ya kiini na ukingo wa roketi pamebaki milimita 16 kila upande. Kibapa, yaani tofali jembamba, ni milimita 3.2, na vibapa vitano ni 16 kamili. Hakuna pengo na hakuna kusukumiza. Kwa hatua ya tatu kiini kitakuwa 4 kwa 4, na kitabakiza milimita 16 zile zile, kwa hiyo ngozi ni ya unene mmoja kuanzia chini hadi juu. Pembe nimezifunga kwa vipande vilivyopinda. Kazi hiyo ni ndefu na haina mengi ya kusimulia.

Kiini hakitaonekana kamwe, lakini nimekipaka maana kwa rangi za matofali. Katika hatua ya kwanza, nyekundu ni tangi la mafuta ya taa yaliyosafishwa, karibu lita 770,000, na buluu juu yake ni oksijeni ya kimiminika, kama lita milioni 1.2. Matangi haya yalikuwa mawili tofauti, na mabomba matano ya oksijeni yalipita katikati ya tangi la mafuta kwenda kwenye injini. Mabomba hayo nimeyaweka pia, matano, yakishuka ndani ya nyekundu. Hatua ya pili ilitumia haidrojeni, ambayo ni nyepesi mno na hudai nafasi kubwa: karibu lita 984,000 zake kwa lita 303,000 za oksijeni. Kwa hiyo kiini cha hatua ya pili karibu chote ni cha njano, na buluu ni mkanda mfupi chini. Humo matangi yalishirikiana ukuta mmoja ili kupunguza uzito, na mimi nimeshirikisha kibapa kimoja kati ya rangi mbili.

Injini za chini ndizo zilizonichukua muda mwingi. F-1 zilikuwa tano, kila moja ikisukuma kwa nguvu ya takriban tani 680. Ya katikati ilikaa imara, nne za pembeni ziliyumba ili kuielekeza roketi. Mdomo wa kila moja ulikuwa na upana wa mita 3.7, na kwa skeli yangu hizo ni milimita 35. Koni ya vinundu 4 ni 32, nami nimeikubali, kwa sababu ya 5 ingezibana injini hadi zisiweze kuyumba, na kuyumba kwake nakuthamini kuliko milimita tatu. Nne za pembeni zimekaa kwenye viungo vya tufe vinavyogeuka pande zote. Zinatokeza nje ya mwili wa roketi, kama zilivyokuwa, na ndiyo sababu ya vile vifuniko vya koni vyenye mapezi.

Sasa kiungo chenyewe. Baada ya kama dakika mbili na nusu za kuwaka, hatua ya kwanza iliachana na nyingine ikiwa zaidi ya kilomita 60 juu. Lakini pete iliyounganisha hatua hizo mbili haikuondoka nayo. Ilibaki imeizunguka hatua ya pili, ikazivika injini zake tano za J-2, na ikaangushwa nusu dakika baadaye. Kuachana mara moja kungehatarisha kugonga injini hizo, kwa hiyo waligawa tendo moja kuwa mawili. Modeli yangu pia ina mikato miwili. Uso wa juu wa hatua ya kwanza nimeufunika kwa vigae laini na kuacha vinundu vinane wazi, na pete inashikwa na hatua ya pili kwa vinundu vinne tu. Nguzo fupi kutoka kwenye kiini huingia katika tundu la mwenzake, hivyo mzigo wa kuyumba unabebwa na nguzo, na vinundu vinabaki na kazi ya kushika na kuachia. Nadhani hii ndiyo sehemu bora ya mradi hadi sasa.

Pete hiyo ina kisa kinachonifanya niitazame kwa heshima. Saturn V ya mwisho ilipopeleka kituo cha anga cha Skylab tarehe 14 Mei 1973, pete haikuachia. Hatua ya pili ikaenda nayo hadi kwenye obiti, ikiwa na mzigo ambao haikupaswa kuubeba, na sehemu ya injini ikapata joto kuliko ilivyotakiwa. Hata hivyo ilifika.

Kinachofuata ni hatua ya tatu, kisha ile koni inayokificha chombo cha kutua Mwezini. Koni ilikuwa na kuta nne. Kwenye Apollo 7, Oktoba 1968, iliyopandishwa na roketi ndogo ya Saturn IB, kuta zilifunguka kwa bawaba na kubaki pale pale, na moja haikufunguka sawasawa. Katika safari zilizofuata zikawa zinatupwa kabisa, ili chombo kikuu kigeuke na kuja kumchomoa mwenzake bila kizuizi. Vipande vya bawaba ninavyo, na vingeifanya koni ifunguke kwa uzuri mezani. Lakini ninayoijenga ni ya Mwezini, kwa hiyo kuta zote nne zitatoka. Nimeshazichora, kila moja ikishikwa na vinundu viwili, na vipande vyeupe vilivyopinda ndivyo pekee ambavyo bado sina vya kutosha.