Sitibu, napima tu: siku yangu moja kwenye utafiti wa tiba za fizi

Kinachonichosha kuliko kazi yenyewe ni kuielezea. Nikisema mi ni daktari wa meno, sawa, napata heshima yangu. Nikiongeza kwamba nipo kwenye utafiti wa kulinganisha tiba za fizi, watu wananiangalia kama nimeshushwa cheo. "Kwa hiyo hung'oi?" Sing'oi. "Husafishi?" Sisafishi. "Sasa unafanya nini kutwa nzima?" Napima. Mwaka wa tatu sasa nazama kwenye midomo ya watu kusoma milimita, na kwa makusudi kabisa sitakiwi kujua nani kapewa dawa ipi. Basi ngoja niwape Jumanne iliyopita ilivyokuwa, muone wenyewe.

Saa 11 na nusu alfajiri

Naamka na simu. Nesi mratibu kaandika kwenye grupu kwamba leo tuna washiriki 9. Nikitoka kuoga wamebaki 7.

Saa 1 na nusu asubuhi

Kitu cha kwanza nikifika kazini ni kubonyeza mzani. Ndio, mzani, ule mdogo wa kupimia gramu. Nachukua probu, yaani kile kijiti chembamba cha chuma chenye alama kila milimita moja, nakandamiza juu ya mzani mpaka mkono ukumbuke gramu 20 hadi 25 zinahisije. Ukibonyeza zaidi ya hapo probu inapenya nyama na unamwandikia mtu ugonjwa asiokuwa nao, ukibonyeza kidogo inakwama njiani na unampa uzima wa bure. Mkono ukitoka kitandani unakuwa na kiburi, lazima uukumbushe.

Saa 2

Mshiriki wa kwanza, wa pili, hawana neno. Kila mmoja kama dakika 40. Nieleze mara moja tu halafu sirudii: kila jino tunalipima sehemu 6, tatu upande wa nje na tatu upande wa ndani. Magego ya mwisho hatuyahesabu, kwa hiyo mwenye meno yote anabaki na 28, zidisha mara 6 unapata sehemu 168. Kila sehemu nasoma kina cha mfuko kati ya jino na fizi na nasoma pia fizi imeshuka kiasi gani, hizo ni namba 336 kwa mdomo mmoja, hapo bado hujaandika wapi pametoka damu na wapi pana utando. Fizi yenye afya inasoma 1 hadi 3. Ikianza 4 kwenda juu na damu juu yake, tunaanza kuwa na wasiwasi. Nimeshakutana na 9, mzizi unaning'inia tu pale, na mwenye jino anakwambia haliumi. Ndo ubaya wa huu ugonjwa, unakula mfupa kimya kimya, mtu anakuja kushtuka jino linacheza.

Mi naita namba, nesi anaandika. Na hapa kuna kitu hakimo kwenye kitabu chochote cha utafiti. Ukiwa umevaa barakoa, mashine ya kufyonza mate inanguruma, sikia tofauti ya "tatu" na "tano" kama wewe ni mwanaume. Tatu ni mzima, tano ni mgonjwa! Wiki zile za mwanzo tuligombana sana mpaka tukakubaliana kwamba tano isitajwe kabisa, inaitwa "mkono". Kwa hiyo ukipita koridoni unatusikia, "jino moja saba, nje: tatu, mbili, mkono, damu," na mgonjwa wa watu amelala pale anashangaa mkono umeingiaje kinywani mwake.

Saa 4, na hapa ndo siku ilipoharibikia

Mzee wetu mmoja, mstaarabu sana, nampenda kwa kweli, alitakiwa saa 3 na nusu kwa vipimo vya kutimiza miezi mitatu. Kafika saa 4 na dakika 5, kavaa vizuri, shikamoo yangu kaipokea kwa furaha, kakaa, kafungua mdomo.

Meno yanang'aa.

Na sio kung'aa kwa mswaki jamani, mi meno ya mswaki nayajua. Haya yalikuwa yamekwanguliwa, hakuna punje ya ugaga, na kingo za fizi zimechubuka zina vidoa vya damu mbichi kama mtu kapitishwa mashine jana yake. Nikamwangalia nesi, nesi akaniangalia.

"Mzee, umepata huduma yoyote ya meno siku hizi?"

"Hapana daktari."

"Hata kusafishwa?"

"Mswaki tu daktari, kama mlivyonifundisha."

Nikakaa kimya. Naye akakaa kimya. Halafu akacheka kile kicheko cha mtu aliyekamatwa, akasema, "Sasa daktari, mi nitakujaje kwako na mdomo mchafu? Nimeona nisikutie aibu, jana nikapita mahali wakanisafisha kidogo."

Asinitie aibu! Yaani kalipa hela yake mfukoni kuja kuniharibia data kwa heshima. Ungekuwepo ungecheka, mi sikucheka, nilihisi kitu kinashuka tumboni, kwa sababu utaratibu wetu uko hivi: washiriki WOTE wanasafishwa na sisi mwanzoni, hadi chini ya fizi, maana huwezi kumuacha mgonjwa bila tiba eti uone itakuwaje. Baada ya hapo nusu wanapewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, kiua vijidudu, na nusu wanapewa ya kufanana nayo isiyo na kitu, chupa zile zile, rangi ile ile, zina namba za siri tu. Tunachotafuta ni kama ile dawa inaongeza chochote juu ya kusafishwa. Sasa mtu akienda kusafishwa mara ya pili kivyake, fizi zikipona nimpongeze nani? Dawa au huyo fundi wa jana? Na huwezi kumwambia rudi wiki ijayo, maana fizi iliyosafishwa inaendelea kubadilika kwa wiki kadhaa, na siku zetu za kumpima zina mipaka yake.

Nikaanza kumweleza taratibu kwa nini haifai, mzee anatikisa kichwa, anaelewa kabisa, halafu kwa kutaka kunifariji akasema, "Lakini daktari usijali, hata ile ya kusukutua mliyonipa natumia kila siku, sema ni chu—"

Nesi alipiga kikohozi ambacho sijawahi kukisikia kwa binadamu. Trei ikaanguka. Mlangoni kabisa tumebandika tangazo kwa herufi kubwa, USIMWAMBIE MPIMAJI CHOCHOTE KUHUSU DAWA, na kila anayeingia anasomewa, na kila wiki kuna mmoja anataka kunipa ripoti ya ladha. Nikishajua tu yuko kundi gani nimekwisha. Sio kwamba nitadanganya, hapana, ila probu ikisimama katikati ya 4 na 5 jicho langu litachagua, na litachagua kile ninachotaka kiwe kweli. Milimita moja ni kitu kidogo sana mpaka matumaini yanatosha kuisogeza.

Basi nikampima vile vile alivyo. Ndio, unapima. Namba za leo zinaandikwa kama zilivyo, damu kila kona, halafu nesi anajaza fomu ya kukiuka utaratibu, inaenda kwa msimamizi, inaenda kamati ya maadili kwenye ripoti, na mzee anabaki kwenye hesabu ya kundi lake alilopangiwa tangu siku ya kwanza. Humtoi mtu kwa sababu kakuudhi, ukianza kuwatoa wasiofuata maelekezo unabaki na watiifu peke yao, na watiifu wanapona hata ukiwapa maji. Atatolewa tu kwenye ile hesabu ya pili, ya waliofuata kila kitu. Kanyanyuka saa 5 na nusu, kanishika mkono kwa mikono miwili, kaniombea dua. Utamkasirikia vipi mtu kama huyo?

Watu wengi hawalijui hili, na ndo linanifanya nisichoke kuwabishia mitandaoni: karibu kila anayeingia kwenye utafiti wa fizi anapata nafuu, hata aliyepewa chupa isiyo na kitu. Kwanza kasafishwa. Pili anajua atapimwa, kwa hiyo anapiga mswaki kama mtu mwenye mtihani. Tatu, tunachagua watu siku ambayo mifuko yao imesoma kina kirefu, na namba iliyosoma juu sana leo, ukiirudia, mara nyingi itashuka yenyewe kidogo bila mtu kufanya chochote. Kwa hiyo ukiona mtu anauza kitu mtandaoni, "nilitumia miezi miwili fizi zikapona", muulize ukilinganisha na nani. Mswaki wenyewe una nguvu hatuipi heshima yake. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake kule Denmaki waliwaambia watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno, ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba, wakarudishiwa mswaki, kama wiki hivi zikapona. Hakuna dawa pale. Sema hiyo ni hatua ya mwanzo, ya uvimbe tu. Mfupa ukishaliwa ni habari nyingine, mswaki hauurudishi.

Mchana

Chakula nimekula nimesimama. Mshiriki wa saa 7 hakuja. Wa saa 7 na nusu alikuja na wa saa 8, pamoja.

Mmoja wao alikuwa na meno ya kahawia, madoa yamekaa pembeni pembeni, na klorheksidini inajulikana kwa kutia madoa. Kwa hiyo nimejua? Sijajua, maana chai na kahawa na sigara zinatia madoa vile vile. Mwisho wa fomu yangu kuna swali linauliza, unadhani mshiriki yuko kundi gani na kwa nini. Nikaandika nadhani ni la dawa, sababu madoa. Siku utafiti ukifunguliwa watahesabu nilipatia mara ngapi, na kama nilipatia sana basi ujue kipofu wao alikuwa anachungulia. Naijibu kwa ukweli japo kila nikiijibu ni kama najishtaki mwenyewe.

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Nakumbuka mkaguzi wa data alikuja na faili la mwaka juzi, wiki ya pili ya utafiti, kabla ya "mkono" hajazaliwa. Kuna 3 imegeuzwa kuwa 5 kwa kuandikia juu yake, hakuna saini hakuna tarehe. Utaratibu ni kwamba ukikosea unapiga mstari mmoja, kile cha zamani kibaki kinasomeka, unaandika sahihi pembeni na saini na tarehe, na wino mweupe ni marufuku kama bangi. Akaniuliza ilikuwa tatu au tano. Aisee, mdomo wa mtu wa mwaka juzi! Ningeweza kubuni, nani angejua, lakini tukakaa mimi na nesi tukaandika maelezo kwamba hakuna anayekumbuka, kiporo kikabaki kiporo. Kakosa kadogo kama hako kametula dakika 50.

Halafu mama wa mwisho. Kila mshiriki wa 10 napimwa mimi, yaani nampima mara mbili kwa kupishanisha muda, karatasi ya kwanza nesi kaificha, ili ionekane kama mkono wangu unakubaliana na mkono wangu. Zamu ikamwangukia yeye, mama mtu mzima, mgongo unauma, kiti kinamsumbua. Raundi ya kwanza katulia. Akapumzika, akarudi, nikaanza tena.

"Mwanangu, si umeshapima?"

"Ndio mama, narudia."

"Umesahau?"

"Hapana mama, najipima mwenyewe."

Akanitazama kwa huruma kubwa, akafungua mdomo. Sehemu 168 tena. Kiuno changu kimekufa, miwani imejaa ukungu, nesi sauti imemkauka, "mbili, tatu, mkono, damu," na mama kashaanza kusinzia mdomo wazi. Tulipomaliza tukalinganisha karatasi. Sehemu 9 zimepishana kwa zaidi ya milimita moja, na 6 kati ya hizo ziko kwenye magego ya nyuma juu kushoto, pale pale ambapo mgongo wangu unalazimika kujikunja. Wiki hii itabidi nibadilishe ninavyokaa. Hiyo ndo faida pekee niliyoipata leo, na kusema kweli niliondoka nayo nimefurahi.

Nyumbani nimefika giza. Mtoto alikuwa mezani na daftari la hesabu, akaniuliza bila hata kunyanyua kichwa, kumi toa tano ngapi, na mi huku navua viatu nikamjibu mkono. Kaandika. Nimekuja kuliona hilo jibu kesho yake jioni kwenye daftari, na mwalimu ameshaweka kosa.